Karafuu na Virusi: Yasemwayo Maabara na Yasemwayo Sokoni

Tangu mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea duniani na watu wengi wa visiwani na wa Bara wakawa wakijifukiza kwa majani na viungo, wanachama wetu hawajaacha kutuuliza swali moja: Je, ni kweli ya kwamba karafuu yaua virusi? Wengine wameyaona maneno hayo juu ya chupa za mafuta madukani. Wengine wameletewa habari na watoto wao walioko vyuoni. Na wako walioulizwa na wanunuzi kama wangekubali kuuza karafuu zao kwa jina la dawa ya virusi. Hao wa mwisho ndio hasa waliotufanya tushike kalamu.

Swali hili halijibiwi kwa neno moja. Mtu akijibu "ndiyo" atakuwa amesema zaidi ya ayajuayo, na akijibu "la" atakuwa amewanyima wataalamu haki yao. Karafuu imejaribiwa juu ya virusi vya binadamu, tena imeonyesha nguvu. Lakini nguvu hiyo ilionekana wapi, kwa kipimo gani, na ilitoka katika kitu gani kilichomo ndani ya karafuu? Mkulima akiyajua hayo matatu hadanganyiki, wala hamdanganyi mnunuzi wake. Basi twawaomba wanachama wayasome makala haya kwa utulivu mpaka mwisho, kwani yanahusu afya zetu na biashara yetu pia.

Kwa nini virusi ni vigumu kutibika

Kirusi ni kidogo mno hata darubini ya kawaida haikioni. Peke yake hakili, hakikui wala hakizai. Ili kizae hakina budi kuingia ndani ya seli, yaani chembe hai ya mwili, na kuifanya seli hiyo ikitumikie. Vyombo ni vya seli, chakula ni cha seli, lakini wanaozaliwa ni virusi. Ndivyo zilivyo habari za mafua makali, surua, polio, homa ya ini na Ukimwi, na hata yale malengelenge ya midomoni yamtokayo mtu akishikwa na homa, ambayo virusi vyake huitwa herpes simplex.

Kuua virusi vilivyo nje ya mwili si kazi. Moto waviua, na sabuni yaviua vingi. Kazi ni kuvizuia vilivyokwisha kuingia ndani, bila ya kuidhuru seli iliyovibeba. Ni kama mwizi aliyejifungia chumbani pamoja na mtoto wa nyumba: huwezi kuichoma nyumba moto kisha ukasema umemkomesha mwizi. Kwa hiyo kila jaribio la mmea juu ya virusi hupima mambo mawili kwa pamoja: virusi vimezuiwa kwa kiasi gani, na seli imebaki salama kwa kiasi gani. Anayekutajia la kwanza bila la pili hajakwambia kitu.

Mayai ya Nottingham

Kazi ya kupima mimea kwa namna hii si ya jana. Mwaka 1952 wataalamu wa kampuni ya dawa ya Boots, mjini Nottingham, Uingereza, walitoa habari ya mimea 288 waliyoipima juu ya virusi vya influenza, yaani mafua makali. Walitumia mayai ya kuku yenye vifaranga vichanga ndani, kwa sababu virusi hivyo husitawi humo. Yai hutiwa virusi na maji ya mmea, hurudishwa mahali penye joto, kisha hutazamwa kama virusi vimezaana au vimezuilika. Katika mimea yote 288, ni 12 tu iliyovizuia. Yaani mmoja katika kila 24, na huo ulikuwa mlango wa kwanza tu.

Siku zile zile ujuzi mwingine ulikuwa ukifunguka. Mwaka 1949 huko Marekani, John Enders, Thomas Weller na Frederick Robbins waliweza kuotesha virusi vya polio katika seli zilizowekwa chupani, bila ya mnyama mzima, na mwaka 1954 wakapewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Mwaka 1952 Renato Dulbecco akaonyesha jinsi ya kuvihesabu virusi kwa kuhesabu matundu vinayoyatoboa katika tabaka la seli. Na mwaka 1962, katika Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, zikatolewa seli katika figo la tumbili wa Afrika. Seli hizo, ziitwazo Vero, zaendelea kuoteshwa hata leo katika maabara nyingi za dunia. Wanachama wa Pemba wanaofukuzana na tumbili mashambani huenda wakashangaa kusikia ya kwamba jamaa yake mmoja ameisaidia elimu ya tiba kiasi hicho.

Jaribio lenyewe

Mmea hukaushwa, husagwa, na unga wake hulowekwa au huchemshwa katika maji, ama hulowekwa katika spiriti. Kioevu chake huchujwa na kukaushwa, na kinachobaki huitwa dondoo. Dondoo hiyo hupimwa kwa mizani, kisha huyeyushwa tena kwa vipimo mbalimbali, kutoka kikali hadi chepesi kabisa.

Seli huoteshwa katika visahani vya plastiki mpaka zikashikamana na kuwa kama mkeka usio na tundu. Ndipo hutiwa virusi. Kila kirusi kiingiapo huiua seli yake, kisha watoto wake wakaua majirani, mpaka mahali hapo pakaonekana tundu katika mkeka. Baada ya siku chache mtaalamu hutia rangi akahesabu matundu. Kisahani kisichotiwa dondoo kikiwa na matundu 100, na kilichotiwa dondoo kikiwa na 50, basi dondoo imezuia nusu. Kipimo kilichozuia nusu ndicho kiandikwacho katika taarifa.

Lakini pembeni hapana budi viwepo visahani vingine. Kimoja huwa na seli peke yake, ijulikane kwamba zilikuwa nzima. Cha pili huwa na seli na virusi bila ya dawa. Cha tatu huwa na seli na dondoo bila ya virusi. Cha nne huwa na dawa ijulikanayo tangu zamani, ili iwe ya kulinganishia. Kile cha tatu ndicho hakimu wa shauri hili. Dondoo iliyo sumu kwa seli itavizuia virusi vilevile, kwa sababu virusi havitakuwa na pa kuzalia. Asiyetazama kisahani cha tatu atapiga mbiu kuwa amepata dawa, kumbe amepata sumu.

Kipimo nacho kina mpaka wake. Mwaka 2006 wataalamu wa Antwerp, Ubelgiji, waliandika masharti ya kazi hii. Walisema dondoo ghafi ya mmea isihesabiwe kuwa na nguvu ikiwa haifanyi kazi chini ya mikrogramu 100 katika mililita moja. Mikrogramu ni sehemu moja katika milioni ya gramu. Kwa lugha ya shambani, kipimo hicho ni mfano wa uzito wa karafuu kavu moja, au mbili ndogo, uliyeyushwa wote katika lita nzima ya maji. Kinachotaka konzi nzima ndipo kifanye kazi, hakifai, maana damu ya mtu haiwezi kubeba kiasi hicho. Wataalamu wa Muhimbili, Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Antwerp, nao walipima mimea ya dawa ya wilaya ya Bunda, na habari yake ikatoka mwaka 2008. Hivyo kazi hii si ya nchi za mbali tu.

Karafuu huko Toyama

Mji wa Toyama, Japani, umejulikana tangu zamani kwa wachuuzi wa dawa waliokuwa wakiacha sanduku la dawa nyumbani kwa mteja, wakarudi baadaye kulipwa kwa zile zilizotumika tu. Katika chuo cha utabibu na dawa cha mji huo, miaka ya 1990, kundi la wataalamu liliamua kuzipima dawa za mimea za Asia juu ya virusi vya herpes simplex, polio na surua. Taarifa yao ya mwanzo ilitoka mwaka 1993.

Mwaka 1995 walitoa habari nyingine. Safari hii walichukua dondoo za mimea wakazichanganya na acyclovir, ambayo ndiyo dawa ya hospitali ya virusi vya herpes. Mimea minne ilionekana kuisaidia acyclovir kuliko mingine, na mmoja katika hiyo minne ulikuwa mkarafuu wetu. Hawakuishia kwenye visahani. Waliwajaribu panya walioambukizwa, na wale waliopewa dawa mbili kwa pamoja walipata nafuu kuliko waliopewa moja tu.

Hapo likabaki swali: ni kitu gani ndani ya karafuu? Karafuu ina vitu vingi, na kukipata kimoja kati yake ni kama kuchagua chembe moja ya mchanga katika pishi ya mtama. Huigawa dondoo mafungu, huyapima mafungu yote, huchukua fungu lenye nguvu, huligawa tena, mpaka kikabaki kitu kimoja safi. Mwaka 1998 kundi hilo lilitangaza jina la kitu hicho: eugeniini. Walikipata katika karafuu, na pia katika mmea mmoja wa Japani uitwao kwa elimu Geum japonicum.

Kipimo cha eugeniini kilichozuia nusu ya matundu kilikuwa mikrogramu 5 kwa mililita, na kipimo kilichozidhuru seli kilikuwa kikubwa zaidi kwa karibu mara 14. Hiyo 14 ndiyo nafasi ya usalama, nayo ndiyo namba ambayo mwanachama aitafute kila asomapo habari za namna hii. Si ndogo ya kudharauliwa, wala si kubwa ya kujivunia. Nafasi ya acyclovir ni pana kuliko hiyo mara nyingi. Lakini eugeniini ilikuwa na jambo moja la thamani: ilivizuia hata virusi vilivyokwisha kuzoea acyclovir. Wataalamu walionyesha pia namna ifanyavyo kazi. Huzuia kimeng'enya ambacho virusi hukitumia kunakili mbegu yao ya uzazi.

Si mafuta

Sasa twafika mahali ambapo wauza chupa wengi hupotea, na wakulima wa karafuu hawana sababu ya kupotea.

Kitu kikuu katika mafuta ya karafuu ni eugenoli. Ndiyo itoayo ile harufu, na ndiyo itumiwayo na madaktari wa meno. Wanachama waliowahi kufika kiwanda cha makonyo huko Wawi, Pemba, wanajua kazi ilivyo: mvuke hupita katika makonyo au majani, huchukua mafuta, hupozwa, na mafuta hutengana na maji. Karafuu kavu hutoa mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na makonyo hutoa asilimia 5 hadi 7.

Eugeniini jina lake lafanana na eugenoli, lakini ni kitu kingine kabisa. Ni aina ya tanini, kitu kizito kisichopanda na mvuke. Mafuta yakienda chupani, yenyewe haifuatani nayo. Kwa hiyo mtu anayeuza mafuta ya karafuu kwa kutaja kazi ya Toyama ya mwaka 1998 anauza kitu kimoja kwa sifa za kingine. Eugenoli nayo imepimwa peke yake juu ya virusi vya herpes na ikaonyesha nguvu katika visahani, lakini hiyo ni habari mbali, yenye vipimo vyake mbali.

Tena mafuta si ya mchezo. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliandika habari ya mtoto wa miaka 2 aliyekunywa mililita 5 hadi 10 za mafuta ya karafuu, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai. Alipoteza fahamu, akashikwa na degedege, na ini lake likaharibika. Kwa rehema za Mungu na juhudi za hospitali alipona. Karafuu ya pilau na ya chai haina neno. Tumeila maisha yetu yote. Lakini mafuta safi yawekwe juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, wala asinyweshwe mtu kwa ajili ya virusi vyovyote.

Tanini na magome ya mikoko

Wazee wetu wanaijua tanini hata kama hawakuijua kwa jina hilo. Magome ya mikoko yalikuwa bidhaa ya pwani yetu iliyopelekwa ng'ambo kwa kazi ya kutengeneza ngozi. Tanini ndiyo iifanyayo ngozi mbichi isioze, kwa kuishika protini yake na kuikaza. Ndiyo pia iukazayo ulimi ukinywa chai kali isiyo maziwa.

Kwa tabia hiyo tanini huwasumbua sana wapimaji. Ukiitia katika kisahani, huzishika protini zote izikutazo: za virusi, za seli, na za chakula cha seli. Virusi huzuiwa, na mpimaji asiye mwangalifu hufurahi. Lakini ukiinywa, hukutana kwanza na protini za mate, za chakula na za tumbo, ikaishia huko, na inayofika katika damu ni chache. Ndiyo sababu Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, ilipokuwa ikipima maelfu ya dondoo juu ya virusi vya Ukimwi miaka ya 1980 na 1990, iliweka utaratibu wa kuondoa tanini kwanza.

Mfano wa karibu ni wa mwaka 2000. Dondoo 152 za mimea 71 itumiwayo na waganga wa Sudan zilipimwa kama zaweza kukizuia kimeng'enya kimoja cha virusi vya homa ya ini ya C. Karafuu ilikuwa miongoni mwa zilizoonyesha nguvu kubwa kabisa, pamoja na mimea mingine ambayo baadhi yake ina tanini nyingi. Habari njema, lakini tuitazame vizuri. Lililopimwa ni kimeng'enya kimoja ndani ya kichupa, si kirusi kizima, si seli, wala si mgonjwa. Na leo homa ya ini ya C yaponywa kwa vidonge vilivyoanza kupatikana miaka ya 2013 na 2014, ambavyo huponya wagonjwa zaidi ya 90 katika kila 100. Vidonge hivyo havikutoka katika karafuu. Mgonjwa anayeviacha akashika chai ya karafuu anajipotezea uhai wake kwa ajili ya kisahani asichopata kukiona.

Mimea iliyofika

Wanachama wasidhani tunasema njia imefungwa. Iko mimea iliyofika.

Mwaka 2006 serikali ya Marekani iliidhinisha marhamu iliyotengenezwa kwa dondoo ya chai ya kijani, ya kutibu vigwaru vya sehemu za siri viletwavyo na virusi vya papiloma. Vitu vyake vya kazi ni jamaa za tanini. Tazama jinsi ilivyopita: haikunywewa, ilipakwa juu ya ngozi mahali penye ugonjwa, ambapo tanini haina safari ndefu. Tena ilipita kwa sababu dondoo yake hutengenezwa kwa kipimo kimoja kila mara, na ilijaribiwa juu ya wagonjwa, wengine wakipewa marhamu tupu ili walinganishwe.

Mfano wa pili ni wa kiungo kama chetu. Kusini mwa Uchina na Viet Nam hulimwa anisi ya nyota, mti ambao tunda lake kavu lina umbo la nyota. Ndani yake mna asidi ya shikimi, ambayo viwanda huitumia kama mali ghafi ya kutengeneza dawa ya influenza iitwayo oseltamivir, iliyoidhinishwa mwaka 1999. Mwaka 2005 hofu ya mafua ya ndege ilipoingia, dawa ikatafutwa kila mahali na bei ya anisi ikapanda. Watu wakaanza kunywa chai ya anisi wakidhani wanakunywa dawa, na haikuwa hivyo, kwani asidi ya shikimi haizuii influenza mpaka ipite katika kazi nyingi za kiwandani. Kisha viwanda vikazidi kuitengeneza asidi hiyo kwa kutumia bakteria, bila ya kuutegemea mti.

Nako huko kabla, mwaka 2003, serikali ya Marekani ilikuwa imewaonya watu juu ya chai za anisi, kwa sababu baadhi yake zilichanganyika na anisi ya Kijapani, ambayo yafanana nayo lakini ni sumu. Watoto wachanga walikuwa wameugua. Mchanganyiko mmoja wa uzembe ulilitia doa jina la zao zima.

Mti wa Sarawak

Kisa cha mwisho twakitoa Sarawak, katika kisiwa cha Borneo. Mwaka 1987 wakusanyaji wa mimea walichukua majani na vijiti vya mti mmoja wa jamii ya Calophyllum, ambayo ndiyo jamii ya mtondoo wetu wa pwani. Walipopima, dondoo yake ikaonekana kuvizuia virusi vya Ukimwi kwa nguvu, na kitu chake cha kazi kikaitwa kalanolidi A. Wakarudi kuchukua zaidi. Mti umekwisha kukatwa! Wakachukua miti mingine ya aina hiyo hiyo, na haikuonyesha nguvu kama ule wa kwanza. Ikawabidi watafute huku na huku, hata katika bustani ya mimea ya Singapore. Baadaye wakaona ya kwamba mti mwingine wa jamii hiyo hutoa kitu cha namna moja na hicho katika utomvu wake, ambao waweza kugemwa bila ya kuukata mti.

Serikali ya Sarawak haikukaa kando. Iliweka mapatano na Wamarekani, na mwaka 1996 ikaungana na kampuni ya huko kuunda kampuni ya ubia ili iwe na haki yake katika dawa itakayopatikana. Dawa ilifika hata kujaribiwa kwa watu, lakini mpaka sasa haijawa dawa ya kuuzwa. Safari ilianzishwa na mti mmoja, na miaka zaidi ya 30 haikuimaliza. Jambo moja lakini lilifanywa vizuri: mapatano yaliandikwa wakati mali bado ni matumaini, si baada ya watu kuanza kugombea faida.

Mapatano ya namna hiyo sasa yana msingi katika sheria za mataifa. Mkataba wa Nagoya, uliokubaliwa Japani mwaka 2010 na kuanza kazi Oktoba 2014, wasema anayechukua mimea ya nchi kwa utafiti aombe ruhusa na wakubaliane jinsi ya kugawana faida. Hata hivyo tusijidanganye. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku. Wahindonesia wanao, Madagaska wanao, Wangazija wanao. Hata eugeniini yenyewe imo katika mmea wa Japani. Hatuwezi kumzuia mtaalamu kuipata karafuu kwingine. Kinachoweza kumleta kwetu ni karafuu iliyo safi na ijulikanayo ilikotoka.

Yatupasayo

Kwanza, mwanachama asiuze karafuu, makonyo wala mafuta kwa jina la dawa ya virusi. Hakuna dawa ya virusi iliyoidhinishwa iliyotengenezwa kwa eugeniini. Sifa za kweli zatutosha: harufu, rangi, ukavu, na wingi wa mafuta. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Pili, mwanachama au jamaa yake aliye na ugonjwa wa virusi asiache dawa ya hospitali. Akitaka kunywa chai ya karafuu anywe, lakini amwambie daktari kila anachotumia, hasa akiwa mjamzito au akitumia dawa za kila siku.

Tatu, akija mtaalamu kuomba karafuu za kujaribia, asipewe gunia la mchanganyiko. Aandikiwe shamba, sehemu ya mti, siku ya kuchumwa, na kama zilianikwa juani juu ya jamvi au sakafuni. Mkulima naye abaki na nakala ya maandishi hayo pamoja na fungu dogo la karafuu zile zile. Kisa cha Sarawak chatufundisha kwamba mti mmoja si sawa na mwingine, na asiyejua alichotoa hataweza kukitoa tena.

Nne, kabla ya kutoa, mwanachama aje chamani. Ombi la mfanyabiashara au la chuo cha nje lipitie kwa wakuu wenye idhini, na mapatano yaandikwe kwa lugha tunayoisoma. Mtu mmoja peke yake shambani ni rahisi kupewa mkono wa shukrani akaachwa nao.

Tano, tulinde usafi. Karafuu iliyochanganywa na makonyo, mchanga au iliyoota ukungu yapunguza bei sokoni, na katika maabara huharibu jaribio zima. Mpimaji akipata ukungu katika dondoo hatasema "fulani hakuanika vizuri". Ataandika kwamba karafuu ya kisiwa hiki haifai.

Huenda siku moja ikapatikana marhamu ya karafuu ya malengelenge ya midomoni, kama ilivyopatikana ya chai. Yaliyoonekana Toyama yanaruhusu kutumaini hivyo. Siku hiyo ikifika, watakaonufaika ni wale ambao magunia yao yanaaminika na maandishi yao yamehifadhiwa. Msimu unakaribia. Wanachama wenye majamvi mabovu wayatengeneze sasa, na wenye maswali zaidi juu ya makala haya walete kwa katibu wa tawi lao.